Begi la Unguja: kinachostahili uzito wake na kinachofaa kubaki nyumbani

Mapumziko ya wiki moja Unguja hayataki begi kubwa. Yanataka begi lililofikiriwa. Kisiwani kuna mambo manne yanayoharibu vifaa: maji yanayokupwa na kuacha mwamba wazi, chumvi, mchanga laini kama unga unaopenya kila zipu, na unyevu wa hewa unaofanya jinzi iliyoanikwa jioni iamke bado mbichi. Tumepitia vifaa wanavyouziwa wasafiri wa visiwani na kuvipima kwa hayo manne. Vitatu vinastahili fedha nzuri kabla hujaondoka nyumbani: viatu vya mwambani, miwani ya kuzamia na fulana ya kuogelea ya mikono mirefu. Hivyo ukivitafuta baada ya kufika, ama hupati saizi yako, ama unaazimwa vilivyochoka, ama unavikuta dukani hotelini kwa bei ya juu mno. Kanga, pama la ukindu, ndala, mafuta ya nazi na mkoba wa ukili vimejaa soko la Darajani, mjini Unguja. Usivibebe.

Viatu vya mwambani: hapa usibane fedha

Kwanza bahari yenyewe. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Pongwe hadi Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi, ina mwamba wa matumbawe mbali na ufuo, na kati ya mwamba na ufuo maji ni machache. Yakipwa, unaweza kutembea kilomita nzima kabla maji hayajafika kiunoni. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hushuka na kupanda kiasi cha mita tatu hadi nne, na kupwa kwa asubuhi huangukia kati ya saa tatu na saa tano. Wakati wa maji mafu, tofauti ni ndogo na saa zinageuka: asubuhi bahari imejaa, alasiri ndiyo inapwa. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, ufuo una kina zaidi na kuogelea kunawezekana karibu saa zote. Basi aliyekodi chumba Jambiani siku za bamvua atatumia asubuhi zake akitembea juu ya mwamba, na hapo ndipo viatu vinapoamua kama amefurahi au amejuta.

Mwambani kuna matumbawe makali, makombe yaliyokaa kwa ncha, na wale viumbe weusi wa miiba mirefu (kwa Kiingereza sea urchin) wanaojificha kwenye mashimo na kwenye nyasi za baharini. Mwiba wao ni mkavu: ukiingia nyamani hukatika na kubaki ndani.

Viatu vinavyouzwa zaidi ni vile vyepesi vya kitambaa kinachovutika vyenye soli nyembamba, mithili ya soksi. Soli yake mara nyingi ni milimita 2 au 3 za mpira laini. Vinafaa botini, kwenye mchanga wa moto na kwenye bwawa la hoteli. Mwambani havifai, maana mwiba unapita moja kwa moja. Vinanunuliwa kwa sababu ni rahisi na vinakunjika, na muuzaji hatakwambia hilo.

Yeboyebo, vile viatu vya plastiki vyenye matundu, zina sifa zake: zinakauka kwa dakika chache, mchanga unatoka, bei ni ndogo na zinapatikana kila soko. Kasoro yake ni soli ya sponji, ambayo mwiba mrefu huichoma, na matundu ya juu yanayokaribisha vijiwe. Mkanda wa kisigino nao hushikwa na kijipini cha plastiki ambacho ndicho hukatika kwanza, na bila mkanda huo kiatu kinabaki kwenye tope. Ukichagua yeboyebo, chukua inayobana kidogo, kwa kuwa mguu uliolowa huteleza ndani. Tumia kwenye mchanga na kwenye mashamba ya mwani yenye chini laini, usivuke nayo hadi mwamba wa nje.

Tunachopendekeza ni kiatu cha maji chenye soli ya mpira mgumu wa milimita 5 au zaidi, kilichofunika vidole, chenye matundu madogo ya kutolea maji ubavuni. Dukani kikague hivi. Bonyeza soli kwa dole gumba kutoka ndani: kama unahisi kidole cha mkono wa pili upande wa nje, kirudishe. Kikunje katikati: kikunjike pale vidole vinapoanzia, kisikunjike katikati ya wayo. Angalia mshono. Kiatu kilichogundishwa gundi tu huachia soli baada ya siku kadhaa za chumvi na jua, ilhali kilichoshonwa kuzunguka hudumu. Halafu kivute kisigino kwa nguvu ukiwa umekivaa. Kikitoka dukani, kitatoka baharini. Kwa kuwa kiatu kipya huchubua ngozi iliyolowa, beba soksi mbili za nailoni nyembamba.

Ndala mwambani hapana, na makubazi ni ya mjini peke yake. Ngozi ikilowa chumvi hukakamaa na kupasuka.

Mwiba ukiingia licha ya hayo, chovya mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu ya sumu. Vuta kwa kibano ncha zinazochomoza tu. Kuchokoa kwa sindano huvunja mwiba vipande na kuleta usaha. Uliozama karibu na kiungo upeleke hospitali. Kwa hiyo kibano chenye ncha nyembamba kina nafasi yake begini, na uzito wake ni gramu chache.

Jambo moja kuhusu adabu ya pale: vijiti na kamba unazoziona zikipwa ni mashamba ya mwani, na wengi wanaoyalima ni kina mama wa vijiji hivyo. Pita pembeni, usikate kamba wala kuzikanyaga.

Miwani ya kuzamia

Matumbawe ya Mnemba, ya Chumbe ambako eneo la hifadhi linaogelewa kwa kuongozwa, na ya Misali kule Pemba, ndiyo sababu ya watu wengi kuvuka bahari. Ukiwa na miwani inayovuja unalipia boti kwa ajili ya kumwaga maji puani. Vifaa vya kuazima botini huwa vya saizi moja, mipira yake imekakamaa kwa jua, na bomba limepita vinywani mwa watu wengi.

Ya kununua ni ile yenye sketi ya silikoni, yaani ukingo laini unaokaa usoni, na kioo kilichoimarishwa kwa joto. Ya plastiki ya rangi ya maziwa, inayouzwa pamoja na midoli ya ufukweni, hukakamaa msimu mmoja na kuvuja. Kuijaribu hakuhitaji maji: iweke usoni bila mkanda, ondoa nywele chini ya sketi, vuta pumzi kidogo kwa pua kisha achia mikono. Ikibaki imeshika usoni ni yako. Ikianguka, jaribu umbo jingine, wala usidhani kukaza mkanda kutasaidia. Mkanda uliokazwa sana hupinda sketi na kuongeza uvujaji. Mwenye masharubu mazito atavuja kidogo hata kwenye miwani nzuri, na mafuta kidogo ya mgando juu ya mdomo hupunguza. Anayevaa miwani ya macho atafute yenye vioo vya namba, zipo, na tofauti anayoiona chini ya maji ni kubwa mno kuiacha.

Kioo kipya kina utando kutoka kiwandani unaokifanya kishike ukungu. Kabla ya safari kipake dawa ya meno nyeupe ya kawaida, sugua kwa kidole kwa dakika kadhaa, suuza, rudia mara mbili tatu. Aina ya dawa yenye chembe ngumu itakwaruza. Safarini tone la shampuu ya watoto likisuuzwa kidogo linatosha.

Zile barakoa zinazofunika uso mzima zina wapenzi wengi kwa sababu mtu anapumua kwa pua. Sisi hatuzipendekezi kwa Unguja. Huwezi kubana pua ili kusawazisha masikio, kwa hiyo kuzama hata mita mbili kunaumiza. Maji yakiingia huwezi kuyapuliza nje kwa urahisi. Na kuivua kwenye mawimbi kunachukua muda. Aina za bei nafuu hazitenganishi vizuri hewa inayotoka na inayoingia, na Mnemba ina mkondo wa kuchosha pumzi. Kwenye maji yaliyotulia, kwa mtu asiyezama, zinavumilika.

Mapezi acha nyumbani. Ni marefu, mazito, na hayo botini yanaazimika bila madhara makubwa.

Jua: fulana kwanza, chupa baadaye

Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Jua la saa sita mchana linasimama karibu na utosi sehemu kubwa ya mwaka, na maji na mchanga mweupe hulirudisha kutoka chini. Upepo wa kusi unaovuma Juni hadi Septemba huwadanganya wengi kwa sababu ngozi haihisi joto, na jioni migongo imebabuka.

Kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa ya mafuta ya jua hupatikana kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mtu mzima mwili mzima hiyo ni mililita 30 na ushei kwa mpako mmoja. Chupa ya mililita 200 basi haifiki mipako saba, na mafuta hurudiwa kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Watu wengi hupaka robo au nusu ya kiasi hicho na kulaumu chupa. Namba 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayobabua, namba 50 takriban 98, kwa hiyo kulipa zaidi kwa namba kubwa ukapaka kidogo ni hasara.

Ndiyo maana fulana ya kuogelea ya mikono mirefu yenye alama ya UPF 50, kipimo cha nguo cha kuzuia jua, inashinda kifaa kingine chochote kwenye tathmini hii. Inafunika mgongo, mabega na mikono, mahali ambapo huwezi kujipaka mwenyewe vizuri, na kinga yake haioshwi na maji. Inapunguza mafuta hadi uso, shingo, viganja na miguu, yaani sehemu tu ya mpako kamili. Inafaa hata kwa wanawake wanaotaka kujisitiri wakiogelea. Fulana ya pamba si mbadala: ikilowa hupitisha jua zaidi, inavuta mwili chini na inachukua nusu siku kukauka. Chagua inayobana kifuani bila kubana kwapa, na ishonwe kwa mshono bapa, vinginevyo chumvi itakuchuna kwenye mikunjo.

Katika mafuta yenyewe, kinga ya madini ya zinki ni imara na inafanya kazi mara tu inapopakwa, ila kwenye ngozi nyeusi huacha weupe wa majivu. Yenye rangi iliyochanganywa hupunguza weupe huo. Jaribu nyuma ya kiganja kwenye mwanga wa nje, si chini ya taa ya duka. Mafuta ya kemikali hayana weupe lakini yanahitaji dakika 15 hadi 20 kabla ya kuingia majini. Soma viambato: oksibenzoni na oktinoksati zimepigwa marufuku kuuzwa Hawaii tangu 2021 kwa hofu ya madhara kwa matumbawe, na anayekwenda kuyatazama matumbawe ana sababu ya kuziepuka. Neno "sugu kwa maji" kwenye chupa huambatana na dakika 40 au 80. Hakuna mafuta yasiyotoka.

Kwa ngozi nyeusi swali la kama mafuta yanahitajika hujirudia. Ngozi yetu ina kinga yake, lakini kukaa juu ya maji kwa muda wa saa nne hubabua pia, na madoa meusi ya usoni huzidi kwa jua. Msafiri mwenye ualbino asitegemee duka lolote la kisiwani: abebe akiba ya kutosha. Kilisun, mafuta ya jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, hutolewa kupitia kliniki, kwa hiyo aipange na kliniki yake kabla ya kusafiri.

Mfuko usiopitisha maji

Boti nyingi hazina gati. Unavua viatu, unaingia majini hadi mapajani, saa nyingine hadi kifuani, begi likiwa kichwani, na ndivyo unavyopanda mashua ya Ghuba ya Menai au ya Mnemba. Mfuko wa kukunja mdomo wa lita 10 unatosha mtu mmoja: simu, fedha, kanga, fulana kavu, maji. Lita 20 ni wa watu wawili. Zaidi ya hapo unakuwa mzigo.

Mifuko ya turubai la plastiki nene hudumu na hustahimili kuburutwa, ila ni mizito na hupasuka pale inapokunjwa mara kwa mara. Ya nailoni nyepesi inaingia ndani ya begi kubwa bila kuonekana, lakini ncha ya tumbawe huitoboa. Kwa boti chukua ya plastiki nene. Kwa vyovyote, mfuko huvuja kwa sababu ya mkunjo: toa hewa, kunja mdomo mara tatu au nne kwa kunyoosha, ndipo ufunge kifungo. Mkunjo mmoja au miwili huingiza maji. Punje za mchanga kwenye mdomo nazo huacha njia, kwa hiyo futa kwanza. Na mfuko huu ni wa kuokoa vitu vikianguka majini kwa muda mfupi, si wa kuzamia.

Kifuko cha simu cha kuning'iniza shingoni kijaribiwe nyumbani: weka karatasi ya chooni ndani, kizamishe kwenye ndoo kwa nusu saa, uangalie. Rudia kila safari, kwa maana plastiki ya mbele hupasuka kwenye kona bila kuonekana. Simu iliyoandikwa kuwa haiingii maji ilipimwa kwa maji baridi safi. Chumvi hula tundu la chaji. Isuuze kwa maji ya bomba na usiichaji hadi ikauke kabisa.

Kanga, kikoi na adabu ya Mji Mkongwe

Taulo nene la pamba ndilo kosa kubwa kuliko yote begini. Ni zito, halikauki, na siku ya tatu linanuka. Kanga moja hukausha mwili, hutandikwa mchangani, hufunikwa mabegani, hukinga jua ndani ya daladala na huwa shuka la chumba kisicho na shuka safi. Inakauka kwa saa moja ya upepo. Inauzwa kwa pea, vipande viwili, na ndiyo idadi inayohitajika kwa mtu mmoja.

Ila kanga mpya haikaushi maji. Ina wanga wa kiwandani, na rangi yake hutoka. Iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi kwa saa chache, ifue peke yake mara mbili, ianike kivulini. Baada ya hapo huwa laini na hunyonya maji. Pamba tupu ndiyo ya kutafuta. Ya mchanganyiko wa poliesta hung'aa sana na maji huteleza juu yake. Anayeanzia Dar es Salaam atapata chaguo Kariakoo, na anayeanzia Mombasa atapata leso Biashara Street, na pale Unguja Darajani ipo. Kikoi ni kizito zaidi na hukauka polepole, lakini usiku wa Julai wenye upepo wa kusi kinafaa kuliko jaketi.

Nguo nyingine ni chache. Suruali au sketi mbili nyepesi zinazopita magoti, mashati mawili mapana ya kitani au pamba nyembamba, nguo mbili za kuogelea ili moja ikauke nyingine ikivaliwa, na nguo moja ya heshima. Jinzi hapana. Mji Mkongwe na vijijini mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Nguo ya kuogelea inabaki ufukweni. Mwezi wa Ramadhani kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani mchana kunaepukwa, kwa hiyo chupa ya maji isiyoangaza na vitafunio vya kula chumbani vina maana mwezi huo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ongeza koti jepesi la mvua. Mwavuli kwenye upepo wa pwani hugeuka nje ndani.

Mbu na tumbo

Malaria imepungua sana Unguja, lakini mbu wapo, na wale wa dengi huuma mchana. Dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30 inatosha watu wazima. Kuzidisha huongeza muda tu. Ina tabia ya kuyeyusha plastiki: miwani ya jua, mkanda wa saa, kava la simu. Paka, osha viganja, ndipo ushike vitu. Yenye pikaridini asilimia 20 hufanya kazi karibu sawa na haili plastiki, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza ikipatikana. Mafuta ya jua hutangulia, subiri dakika 15, dawa ya mbu ifuate. Chupa za vitu viwili kwa pamoja zikwepwe, kwa sababu jua linataka kurudiwa kila saa mbili na dawa ya mbu haitaki.

Chandarua kipo kwenye nyumba nyingi za wageni na matundu yapo pia. Sindano na uzi mweupe vinamaliza hilo. Ongeza pakiti nne za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), dawa ya homa, plasta zinazoshika kwenye maji, na siki kidogo ikiwa boti haina, kwa ajili ya yavuyavu wa aina fulani. Homa ikikupata kisiwani au wiki chache baada ya kurudi, pimwa damu.

Begi lenyewe, na chombo kitakacholibeba

Begi la kuburuta la ganda gumu linafaa kwa mtu anayetoka uwanja wa ndege hadi hotelini kwa gari. Magurudumu yake madogo hukwama mchangani na hupiga kelele na kuvunjika kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako gari haliingii. Ndege ndogo zinazounganisha Unguja na Pemba, Mafia na mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15, zikiwa kwenye begi laini, kwa sababu mlango wa mizigo ni mdogo. Begi laini la mgongo la lita 40 linatosha wiki. Zipu ziwe nene. Zipu nyembamba ndizo za kwanza kufa kwa mchanga na chumvi, na kusugua mshumaa juu ya meno yake huzirudishia mwendo. Shangazi kaja, lile begi la plastiki iliyofumwa, hubeba mengi kwa bei ndogo, lakini zipu yake haistahimili kurushwa bandarini, ifunge na kamba.

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Wakati wa kusi mkondo huchafuka, na wa kuelekea Pemba huchafuka zaidi. Dawa ya kichefuchefu humezwa saa moja kabla ya chombo kung'oa. Ukiimeza baada ya kuanza kutapika haitakaa tumboni. Kaa chini, katikati, upande wa nyuma. Tangawizi iliyokaushwa husaidia wengine, na mfuko wa karatasi uwe mfukoni, si ndani ya begi lililopelekwa kwenye mizigo. Bandarini, patana bei na mpagazi kabla hajagusa begi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, Zanzibar tangu kabla ya hapo, na Kenya tangu Agosti 28, 2017. Vifuko vidogo vya zipu vya vifaa vya usafi vinaruhusiwa mradi urudi navyo. Kwa nguo zilizolowa tumia mfuko wa kitambaa chenye plastiki ndani.

Umeme, fedha, karatasi

Soketi ni za matundu matatu ya mraba za Kiingereza, volti 230. Msafiri wa Kenya, Uganda na Tanzania hahitaji adapta. Anayetoka Kongo, Ulaya, Oman au Marekani aangalie plagi yake kwanza, maana ya Oman inalingana na ya hapa na ya Kongo mara nyingi hailingani. Umeme hukatika, hivyo pawabenki ina kazi. Kwenye ndege inakaa kwenye begi la mkononi tu na kikomo ni wati-saa 100: ya mAh 20,000 ni wati-saa 74 hivi, inapita bila maswali. Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya simu, hasa kwa kurudi chumbani kwa njia za mchanga usiku.

Mashine za kutolea fedha ni nyingi mjini na chache vijijini, na za vijijini huishiwa mwisho wa wiki. Toa shilingi ukiwa mjini, na omba noti ndogo. Mgeni kutoka nje ya Tanzania hukata bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 1, 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Alipie mtandaoni na achapishe, kwa sababu simu huzima mlangoni. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo huhesabiwa halali siku 10 baada ya sindano. Droni bila kibali ibaki nyumbani.

Siku ya kuondoka

Siku moja kabla, suuza miwani, viatu, fulana na zipu za begi kwa maji ya bomba, vianike kivulini. Silikoni ikikaa na chumvi juani hugeuka manjano na kunata. Ukifungasha vikiwa vibichi, ukungu huota kabla ya wiki kuisha. Makombe makubwa, vipande vya tumbawe na vitu vya gamba la kasa usivifungashe hata ukiuziwa ufukweni. Ni marufuku kuvitoa na hukamatwa uwanjani. Nafasi iliyobaki ijaze viungo vilivyofungwa kwa karatasi ndani ya kopo, kwa sababu harufu ya karafuu hupenya kitambaa na haitoki kwa kufua mara moja.